Hapa Hakuna Ajali

Jumatatu, 3 Machi
Vumbi tena. Mtaa wote wa Kiamunyi uko ndani ya viatu vyangu. Tangu asubuhi nahoji vibarua wa huu mjengo wa ghorofa kwa utafiti wangu wa shahada: wanavyosimamiwa, wanavyoishi. Nikifika kwa swali la ajali, jibu ni moja. Hakuna. Hata Nekesa, mama anayebeba karai za kokoto, amenijibu hivyo huku vidole vimefungwa kitambaa chenye damu.
Meneja anachekelea. “Unaona, madam? Hapa kwangu ni safi.”
Safi kitu gani! Nimerudi na hasira.

Jumanne, 4 Machi
Mchana, saa ya kula githeri, nimeketi na kina mama. Nikamuuliza Nekesa wazi kuhusu vidole. Akanicheka.
“Ajali ni ya barabarani, dada. Ya magari. Hapa mtu huteleza tu.”
Nikauliza, basi nani ameteleza? Wacha! Wote wakaongea pamoja. Mgongo, meno, goti. Kiprono aliteleza kutoka ghorofa ya pili, akavunjika mguu, akarudi kwao Kuresoi. Ubao aliokanyaga ulikuwa umeoza.
Umeoza! Halafu eti ni yeye aliyeteleza.
Neno lenyewe ni la Maina, msimamizi wao. Kila asubuhi getini, akichagua wa kufanya kazi: “Leo sitaki mtu wa kuteleza.” Kwa hivyo ukiumia, mguu wako ndio umekosea. Ubao hauna makosa. Ujanja gani huu! Na mimi na Kiswahili changu cha chuo, siku zote nawauliza kuhusu magari.

Jumatano, 5 Machi
Nimeanza mahojiano upya. Sasa nauliza kuhusu kuteleza. Majibu yanamwagika.
Kufika mchana Maina ameshanishtaki. Meneja akaniita kwa kontena, ndiyo ofisi yake, hacheki tena. Ama nitoe kwenye utafiti wangu sura yote ya majeruhi, ama ruhusa imekwisha na nisikanyage hapa. Bila mjengo huu sina utafiti. Mwezi ujao nafaa kuwasilisha.
Nikamwambia sitoi hata mstari. Hataniona nikiogopa, huyo.

Alhamisi, 6 Machi
Nimefungiwa geti. Mzee wa lango hakuweza kuniangalia. “Pole, madam. Ni amri.”
Nikampigia profesa wangu. Ananiambia nitumie akili: watu walisema hakuna ajali, niandike hivyo, nimalize. Si uongo, anasema. Ni uongo mtupu! Nimemwambia hivyo, na adabu kidogo sana. Akakata simu.
Kama ni kukosa shahada, nikose. Nimelia juu ya boda boda mpaka mjini.

Jumamosi, 8 Machi
Nimeamka na wazo na nimekasirika kwamba halikuja mapema. Kiprono si kibarua wa mtu tena. Ruhusa ya kuongea naye anayo Kiprono mwenyewe, si meneja. Nekesa amenitumia namba yake. Nimepiga. Amesema nije.
Wakitaka, waweke geti Kuresoi pia.

Jumapili, 9 Machi
Baridi huku. Mama yake alikuwa ametoka kanisani. Kiprono nimemkuta nje ameketi kwa kiti, mguu ameunyoosha, anachagua mbegu za viazi. Kijana bado. Hataweza kupanda msimu huu.
Nilimweleza utaratibu. Asiogope, jina lake halitaonekana popote, nitaandika namba badala yake.
Akaweka viazi chini.
“Namba ya nini? Wao wakisema niliteleza wanataja jina langu. Wewe andika Kiprono. Andika ubao ulivunjika.”
Chuo hakitapenda. Nimeandika hivyo hivyo, mbele yake. Akainama akasoma polepole, kisha akarudi kwa viazi vyake.