Mtungi wa Baba, Chumba 1216

Jumapili, 17 Machi

Nimefika Chengdu. Nyumbani — eti nyumbani, na nalala hotelini. Vitanda vimetolewa ghorofa nzima ya kumi na mbili, kila chumba kimekuwa duka la divai kwa siku nne za maonyesho. Chetu ni 1216. Barafu imejaa kwenye bafu, chupa tisa ziko juu ya meza ya kujipodolea. Bwana Teixeira, mwenye shamba la mizabibu huko Ureno, kanyoosha tai mara kumi. Mimi natafsiri na kumimina.

Baba anakaa vituo vinne vya treni kutoka hapa. Miaka minne hatusemezani. Nimemtumia shangazi Guifen namba ya chumba, bila neno lingine. Ataelewa. Namtaka Baba aje, basi.

Jumatatu, 18 Machi

Wanunuzi tele. Swali moja tu: ni tamu? Karatasi ya Bwana Teixeira ya kueleza ladha inataja matunda ya kwao, hakuna hapa aliyewahi kuyaona. Nikaiweka kando. Nikamwambia mzee mmoja wa mji wa Mianyang: hii ni ile sharubati ya plamu zilizokaushwa kwa moshi, aliyokupikia bibi yako wakati wa joto. Akacheka, akaonja tena.

Kutwa namimina, naonja, natema ndooni nisilewe. Ndoo ikijaa naimwaga chooni. Nimekula tambi za pilipili peke yangu, nimesimama dirishani. Shangazi kimya.

Jumanne, 19 Machi

Shangazi kapiga simu. Kamwambia Baba, naye kajibu ana kazi dukani. Kazi gani? Duka lake la pombe ya mtama limebaki na wazee watatu wa kucheza mahjong, na hawanunui.

"Usimlaumu, mwanangu," kasema shangazi. "Ulimwaibisha mbele za watu."

Nilimwaibisha, kweli. Siku alipotimiza miaka sitini alifungua mtungi wa pombe ya mtama aliouweka mwaka niliozaliwa. Akanimiminia mimi wa kwanza, meza sita za wageni zinatazama. Wiki ileile nilikuwa nimemaliza mafunzo ya uonjaji wa divai. Nikanusa, nikazungusha mdomoni — nikatema kwenye bakuli la chai. Mazoea tu! Nikainua kichwa, ukumbi mzima umenyamaza. Baba akaufunika mtungi, akaenda kukaa meza nyingine.

Nimelia bafuni, nimekaa ukingoni mwa bafu lenye barafu. Upweke huu nimeuchoka. Bwana Teixeira kagonga, anauliza kama chupa nyeupe zimepoa.

Jumatano, 20 Machi — saa tisa alasiri, bafuni

Baba yuko chumbani!

Kaja na beji ya mnunuzi shingoni na koti lake la harusi za watu. Kapanga foleni. Zamu yake ilipofika, kanitazama kama hanijui.

"Dada, nianzie hiyo ya mwanzo."

Nikamimina. Akameza. Nikamsogezea ndoo.

"Ndoo naiona. Mimi si kipofu."

Akameza nane. Masikio mekundu. Ya tisa akaizungusha mdomoni, mashavu yakamvimba, akainama, akatema. Nyingine ikamwagikia tai yake.

"Ndivyo mnavyofanya?"

"Ndivyo, Baba."

"Kwa hiyo mtu akitema, hajatukana."

"Hajatukana, Baba. Anaonja."

Akajifuta tai kwa kiganja. Halafu akatoa chupa ndogo ya dawa ya kikohozi kutoka mfuko wa koti. Harufu niliijua kabla hajamimina. Pombe ya ule mtungi. Akanipa kikombe kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa mkubwa wake. Baba, kunipa mimi kwa mikono miwili!

"Nimekaa nayo miaka thelathini na tano, nikidhani ni nzuri. Sijawahi kumuuliza mjuzi. Onja unavyoonja wewe, uniambie ukweli."

Bwana Teixeira ananivuta mkono, mzee kasema nini? Sikuweza kutafsiri. Nikaitia yote mdomoni, machozi yakanitoka, nikakimbilia huku bafuni na daftari langu.

Inachoma ulimi. Kuna pea iliyoiva sana, kuna udongo uliolowa. Ni nzuri. Nzuri kweli, na miaka minne sikuijua.

Baba anagonga.

"Mwanangu, ndoo iko huku. Tema tu, sitakasirika."

Anagonga tena. "Umesikia? Nijibu basi."

Siwezi kumjibu. Bado iko mdomoni.