Akiba Yenye Mimba

Jumamosi, 8 Februari 2025

Nyumba ya Korogwe ni yetu kwa kiasi fulani. Sehemu kubwa bado ni ya benki. Rejesho la mkopo hukatwa kwenye mshahara wangu kabla sijauona. Kinachobaki ni kidogo, nami nakitafutia mahali: pasiwe mbali siku ya shida, pasiwe karibu siku ya vitenge. Isihaka, mume wangu, anasema tupunguze deni tu. Huenda yuko sahihi. Lakini pesa ukishaipa benki, huwezi kuiomba irudi kwa sababu paa linavuja.

Niweke kwenye simu? Shemeji Ramadhan ana pua ya kunusa salio. Upendo wa ofisini ananivuta kwenye kikoba chao. Sanduku lina kufuli tatu, funguo wanashika wanawake watatu, na mmoja amehamia Hale kwa mumewe, na ufunguo wake. Pesa iko salama kabisa, anasema Upendo. Naamini. Hata wenyewe hawajaiona tangu Krismasi.

Jumapili, 16 Februari 2025

Mbuzi. Wazo la Isihaka, nami nimelikubali baada ya kulipinga kwa hoja nzuri sana. Tumenunua watatu, tukawapeleka Mazingara kwa mama yake: majike mawili, mweusi na wa madoa, pamoja na beberu mwekundu. Wanazaana, na wanunuzi hawakosekani. Nikipiga simu asubuhi, jioni pesa ipo.

Mama mkwe alipokea kamba kwa mikono miwili.
— Hawa ni wako, mkwe wangu. Mimi mchungaji tu.
Kimsingi, nimefungua akaunti.

Jumatano, 23 Aprili 2025

Masika. Maji yanaingia sebuleni. Nimempigia mama mkwe: shikamoo, habari za nyumbani, habari za mahindi — kisha nikamwomba amuuze mweusi.
— Mweusi ana mimba. Uuze wawili, upewe bei ya mmoja?
Nilisoma uchumi miaka mitatu, na hesabu yake ilikuwa sahihi. Wa madoa je? Naye vilevile. Beberu sikumtaja, bila yeye akaunti haiongezeki.

Isihaka amepanda juu na kopo la lami.

Alhamisi, 22 Mei 2025

Mkurugenzi ametuita: mshahara utachelewa, tuvumilie. Benki haivumilii. Rejesho lisipoingia kufikia Jumatano — faini, na barua ya onyo. Kwa mara ya kwanza naihitaji akiba kwa kazi ileile niliyoiwekea. Tena Idi ya kuchinja imekaribia, bei ya mbuzi iko juu.

Nikapiga simu. Mweusi bado ana mimba. Wa madoa amezaa, ananyonyesha.
— Basi tumuuze yule mwekundu, mama.
Nilisikia kuku.
— Mwekundu naye, tumbo limeanza.
Nikashukuru, nikakata simu. Isihaka alikuwa akisikiliza. Akatoka nje kucheka, kwa heshima ya mama yake.

Jumamosi, 24 Mei 2025

Mazingara. Naandika nyuma ya jiko la mama. Nimesema napokea simu ya ofisi.

Tumekuja na Semboja, mnunuzi wa mbuzi kutoka Mkata, pesa mfukoni. Tumemkuta beberu amefungwa gunia tumboni. Upepo, anasema mama. Mwenye mimba hatakiwi kupigwa na upepo. Semboja alitaka kumpapasa, akazuiwa: ataiharibu mimba. Sasa wanakunywa chai na kunisubiri mimi, mwenye mali. Kusema kwamba beberu hazai ni kumwita mama wa mume wangu mwongo mbele ya mgeni. Kinywa hicho sina. Isihaka anacho, lakini anatazama dari.

Na kuna linalonisumbua zaidi. Aprili ile, mweusi alikuwa na mimba kweli? Sijui. Najua tu kwamba mama asingenizuia, ningemuuza, na paa lingezibwa kwa lami ileile. Huenda hii ndiyo akaunti bora niliyowahi kufungua. Huenda pia Jumatano nitatozwa faini nikiwa na mbuzi wanne.

Nasikia Semboja anauliza, kwa adabu, beberu atazaa lini. Baada ya Idi, anajibu mama.

— Inshallah, anasema Semboja, na anaomba chai nyingine.