Koko Hatakuja Kalemie

Salamabila, Territoire ya Kabambare
Tarehe 9 mwezi wa saba 2024

Yaya Darlène mupendwa,

Nakusalimia sana, wewe na bwana yako na watoto wote. Ile homa ilikuacha kweli? Unakula muzuri? Sisi huku tuko wazima kwa neema ya Mungu. Fadhili wangu ameota meno, anauma kila kitu, ata kidole ya pasta wakati alikuwa anamubariki. Bwana yangu Gédéon anasalimia shemeji yake.

Yaya, ulisema kwa simu tumupakie Koko, nyanya yetu, kwenye pikipiki aje kukaa kwako Kalemie, juu watu walianza kumuita mulozi. Niliitika, halafu reseau ikakatika. Sasa nakuandikia ujue vile mambo iligeuka. Koko hatakuja.

Unakumbuka pale mutoni, chini ya nyumba ya Koko, ilikuwa shamba yake ya mihogo mbele wanaume waanze kuchimba na kusafisha zahabu. Zahabu ilipokwisha waliondoka, wakaacha mashimo na matope ambayo ata majani haipendi kuota. Mwaka huu shirika moja ikaleta watu wa kupima udongo, wakasema pale itatengenezwa, kisha wakaaji wagawane. Bwana Célestin, kijana wa Bukavu anayeongoza hiyo kazi, akatuita kanisani. Ni mutu muzuri, lakini hakujua kwetu. Alisimama akasema, "Udongo huu uko na sumu."

Wewe unajua kwetu sumu ni nini. Sumu ni kitu mutu anatilia mwenzake ndani ya kikombe. Nadine, yule wa kuuza mafuta ya mawese, akauliza, "Nani aliitia?" Macho yote ikaenda kwa Koko, juu njo yeye anakaa karibu na muto, na mbuzi za watu zilikufa pale. Toka siku ile watu wakawa wanazunguka mbali na mulango yake. Ata kumusalimia waliacha. Njo wakati ule ulipiga simu.

Bwana Célestin akaita mukutano mwingine, juu ya kugawa. Wakasoma majina ya watakaopata sehemu, na yote ni ya wenye mashimo. Koko hayumo. Sisi mama wa kutwanga mawe ya zahabu hatumo. Niliona kwamba tukinyamaza, Koko atakosa shamba na atakosa kijiji kwa siku moja. Nikasimama, Fadhili ananyonya.

Nikasema, "Bwana Célestin, hiyo sumu jina yake ni nini?"

Akasema, "Ni mercure, mama."

Yaya, nani hapa asiyejua mercure? Ile maji ya kung'aa wanaume wananunua ndani ya vichupa ili ikamate zahabu. Nikasema, "Koko Émérance hajawahi kushika zahabu, ata ya pete. Mercure angeitoa wapi?"

Watu wakacheka mpaka benchi zikalia. Clovis, yule PDG, mukubwa wa mashimo, aliyekuwa analipa wachimbaji, akajikuna kichwa, akasimama. "Kama munatafuta mulozi, ni mimi. Niliinunua mwenyewe, na wanaume waliojaa humu walinisaidia kuimwaga."

Mutu wa nyuma akamujibu, "PDG, basi tukufukuze wewe?"

"Mungoje nikule kwanza," akasema.

Hapo njo Bwana Célestin akatueleza polepole, kwa maneno yetu, kwamba mercure inaingia ndani ya maji na samaki, na moshi yake, wakati wanaume wanachoma zahabu, inaingia ndani ya watoto. Nikamuangalia Gédéon, akaangalia chini. Jioni nilitoa karai yake ya kuchomea ndani ya jiko yangu, na mpaka leo haijarudi. Tunasikilizana tu, usiwe na wasiwasi.

Kisha Koko akaomba kusema. Hakupandisha sauti. "Mulinikuta pale. Mulichimba mpaka karibu na mafiga yangu. Leo munaulizana kama mimi ni wa pale?" Akakaa. Chef wa kijiji akaagiza yale majina yafutwe, tuanze upya.

Kwa hiyo sasa ni hivi: wale waliokuwa na mashamba mbele mashimo yachimbwe njo wanachagua kwanza, kisha sisi wa kutwanga, na wale waliokimbia vita toka Wamaza wakaja kwetu, ata kama hawana karatasi. Clovis na wenzake wanafukia mashimo kwa mikono yao, kisha nao watapata ya mwisho. Chini kabisa, kwenye matope mubaya, hakuna kulima chakula. Tunafunika na udongo wa mfinyanzi, tunapanda mianzi, na ikikomaa itakuwa ya wote. Juu, kwenye vipimo vilitoka vizuri, ni maharagi. Mimi waliniweka ndani ya komite ya kugawa. Usicheke, Yaya. Nasoma polepole, lakini nasoma.

Koko alichagua juu, karibu na njia. Nadine naye akapata kando yake. Jana nilipita pale nikawasikia wanagombana juu ya mupaka. Nadine anasema, "Koko, unanisukuma," na Koko anamujibu, "Sogeza matako yako, mutoto wa watu, maharagi yangu ipite." Nilisimama njiani nikafurahi sana. Mulozi watu hawagombani naye juu ya mupaka, Yaya. Wanamukimbia.

Unisalimie shemeji, na Junior umuambie mama yake mudogo anamuwaza. Koko anakusalimia sana, anasema ukitaka kumuona, njia ya kuja huku unaijua. Mungu akulinde, akupe nguvu ya kazi na usingizi muzuri.

Mudogo wako anayekupenda siku zote,

Sifa