Yesu Anayebariki kwa Mkono wa Kushoto

Dada yangu Nafula,

Picha yako bado iko ukutani hapa mtaani Tena, Nairobi, juu ya kitanda cha mtoto wako Nanjala. Naiogopa leo kuliko siku ile ulipoileta.

Unakumbuka? Ulirudi kutoka kwa padre mzee uliyekuwa ukimfulia, ukaitoa ndani ya leso. Bwana Yesu wa kizamani, kanzu imejaa mikunjo mikali, vivuli vyote ni vijistari vyembamba kama nywele. Mimi niliangalia mkono tu. Nikasema, "Huyu anabariki na kushoto." Kwetu hakuna mzazi anayembariki mtoto kwa mkono huo. Huo ni wa kufukuza.

Ulicheka. "Wewe hata kwa ugali unatafuta shetani!"

Ukachukua kifuniko cha mkebe wa mafuta ya kupikia, ukakwaruza kwa msumari picha yangu nikibeba ngozi za mbuzi kule machinjioni Kiamaiko, begani kulia. Ukapaka masizi yaliyochanganywa na mafuta, ukapangusa mpaka weusi ukabaki ndani ya mikwaruzo peke yake. Ukalaza juu karatasi yenye unyevu, ukasukuma na mti wa kusukumia chapati kwa nguvu zako zote. Ulipoibandua, mzigo wangu ulikuwa begani kushoto.

Padre ndiye aliyekueleza. Fundi wa kwanza alijua kuwa picha hugeuka ikichapwa, akachonga kinyume kwenye bamba la shaba. Wa pili aliiga ile picha vile alivyoiona, ndipo mkono ukageuka. "Ni kosa la fundi, si la Mungu," ukasema.

Nilikuamini. Halafu ukaanza kukohoa chini ya picha hiyohiyo, hadi tukakurudisha nyumbani ndani ya sanduku.

Sasa Nanjala anakohoa. Kikohozi kikavu kama chako, huku ameshika kifua. Zahanati wamempa dawa, wakasema tungoje. Mama Wambui wa mlango wa pili alichungulia akasema, "Jirani, choma hiyo kitu. Yesu gani wa mashoto?" Nilishika kiberiti, nikashindwa. Naogopa kuiacha, naogopa kuichoma, na nikiigusa mtoto analia, "Ni ya mama."

Leo asubuhi nikinyoa, nimeiona nyuma yangu kwenye kioo. Mkono ulioinuliwa ulikuwa wa kulia. Nafula, nimeitazama hadi sabuni ikanikaukia shavuni.

Nimekigongomea kioo kwenye ukuta unaoielekea picha, mahali Nanjala anakiona akiwa amelala. Nimemwambia atazame huko.

"Na huyu wa juu yangu, mjomba?"

"Huyo ni kazi ya fundi," nikamjibu. Sauti yangu ilitetemeka, naye alisikia.

Nimemwacha na Mama Wambui, aliyeapa hatagusa kiberiti. Naenda kazini nimenyoa upande mmoja. Huko uliko, kama unajua mkono upi ndio wa kweli, mshike mtoto wako kwa huo.

Ndugu yako, mjomba wa Nanjala