Boriti Juu ya Chumba cha Watoto

Jumatatu, 3 Machi
Nguzo zote za upande wa barabara zimesimama. Mvua ikaja mchana kama kawaida, tukashuka mbio. Radi ya Kakamega si ya kungojea ukiwa juu ya vyuma.
Wodi mpya ya akina mama inajengwa kwa chuma kwa sababu hospitali haijafungwa. Vipande vinakatwa karakana, huku sisi ni kuinua na kukaza bolti. Hakuna miezi ya zege na vumbi kando ya wagonjwa. Naipenda hii kazi. Imebaki boriti kubwa.

Jumanne, 4 Machi
Tatizo. Kreni ikiinua boriti kutoka langoni, itapita juu ya chumba cha watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Paa ni mabati matupu.
Nilimwona Sista Imali, msimamizi wa wodi. Alisema akina mama watawabeba watoto kifuani, watoke kwa muda. Wote isipokuwa Nekesa, mkata miwa wa Butali. Mtoto wake yuko kwa oksijeni, hawezi kutolewa.
Nekesa alinitazama toka kichwani mpaka kwa gamubuti. "Nyinyi inueni tu, madam. Mimi nitakaa na yeye hapa."
Nimetoka bila hata kuaga. Aibu.

Jumatano, 5 Machi
Nimemwambia kontrakta, Bwana Khaemba, kwamba boriti haitapita juu ya mtoto. Akapiga kelele kwa simu.
"Injinia, minyororo ni mipya, opareta ni mzoefu. Kreni inarudi Kisumu Jumamosi jioni. Unaogopa nini?"
Naogopa, basi. Sitaweka sahihi kwa kibali cha kuinua. Amesema atatafuta wa kuweka.
Obusuma, ugali wetu wa kila jioni, haikushuka kooni leo.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeamka na hasira. Imenisaidia.
Chuma hukatwa na kuungwa. Boriti ikiwa vipande viwili, kila kimoja kitakuwa chepesi, na kreni itaweza kunyoosha mkono kutoka nyuma ya jikoni, mbali na watoto. Tutaviunga huko juu kwa bamba na bolti.
Nilimpigia injinia aliyechora jengo. Akaomba muda apige hesabu. Jioni amekubali: kiungo kisiwe katikati, na nguzo za muda zishikilie mpaka bolti ya mwisho ikazwe.
Khaemba hakupata mtu wa kuweka sahihi, kwa hivyo amekubali pia. Boriti ikishakaa nihamie mjengo wa Bungoma, amesema. Hataki kuniona hapa.
Nimelia kidogo ndani ya stoo.

Ijumaa, 7 Machi
Karakana siku nzima. Kukata, kutoboa, kupima, kupima tena. Macho yanawaka. Nimechoka.

Jumamosi, 8 Machi
Kipande cha kwanza kiliingia vizuri. Cha pili kikagoma. Matundu hayakulingana, kidogo tu, lakini bolti haijui kidogo. Mawingu yakaanza kupanda upande wa msitu. Shikuku, fundi wetu wa bolti, alikuwa juu na mkanda wake, boriti ikiyumba mbele ya uso wake. Nikafikiria kumshusha. Nikafikiria pia kreni ikiondoka na boriti ikabaki chini, na Khaemba akirudi na njia yake ya langoni.
"Shusha!" Shikuku akaita. "Pole pole! Tena kidogo!"
Bolti ikaingia. Kisha nyingine.
Niliketi kwenye matope kama mtoto. Mvua imetukuta wote tumeshashuka, boriti imekazwa, Shikuku anacheka ovyo.

Jumapili, 9 Machi
Baada ya kanisa nilipita wodini kumuaga Nekesa kabla ya kwenda Bungoma.
Alikuwa amelala ameketi, kichwa ukutani, mkono mmoja kwa mtoto. Sista Imali alisema oksijeni wameanza kuipunguza, na jana Nekesa hakujua hata kama kreni ilikuja.
Sikumwamsha. Nilivuta kiti, nikakaa. Kifua cha mtoto kilikuwa kinapanda, kinashuka.