Bega la Chuma

Ghorofa ya tatu,
Nyuma ya duka la viatu.
Jumatano, tarehe 9.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. U hali gani, na magoti yako yanasemaje na baridi ya huko? Mama anauliza kama bado unakula mkate mkavu kwa uvivu wa kupika. Sisi hatujambo, ila roho zetu ziko juujuu. Nimekupigia mpaka simu imechoka, hupokei, ndiyo maana naandika.

Kwanza, kama umesikia kuwa Kaka amefariki, futa machozi. Mtangazaji wa redio alimtaja kwa jina lake la uwanjani, Chuma, "aliyekuwa bingwa wetu wa gofu," Mama Mdogo akasikia nusu, akaja mbio analia mpaka mlangoni. Akamkuta marehemu sebuleni anakula mayai. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Kaka hakucheka. Alisukuma sahani, akauliza, "Aliyekuwa? Nimekuwa aliyekuwa lini?"

Tangu siku ile hakuna raha nyumba hii.

Ni bega la kulia, lile lile aliloumia mwaka juzi. Daktari wa mifupa anasema kano imechanika nusu. Akipasuliwa sasa, mkono utafanya kazi za nyumbani na gofu ya kujifurahisha na marafiki, lakini mashindano basi. Akiendelea kuuzungusha kwa nguvu, kano itakatika na mkono utabaki unaning'inia. Yeye anataka sindano ya kuua maumivu ili acheze mwisho wa mwezi. Ndipo linaposhindaniwa lile kombe kubwa, ambalo mara mbili amelikosa kwa pigo moja. Anasema asipolipata, watu watakumbuka bega lake tu.

Usiniulize nafanyaje kazi. Mimi na cherehani yangu tumegombana wiki nzima. Juzi nimeshona mkono wa shati ndani nje, mteja akanitazama kama nimelewa. Kaka anapiga mipira kwenye zulia la koridoni, jirani wa chini naye anagonga dari kwa mpini wa fagio. Wifi alificha vijiti vya gofu uvunguni. Kaka akavipata. Tukavihamishia chumbani kwangu, huko nako akavipata. Mtu hawezi kuchana nywele zake mwenyewe, lakini kutafuta vijiti hodari!

Nina hasira naye, tena nyingi. Halafu namwona anapiga mswaki kwa mkono wa kushoto, dawa imejaa shavuni, hasira zote zinaniishia.

Wifi ana mimba ya miezi saba, nadhani Mama alikwambia. Jana nilimwuliza Kaka, "Kano ikikatika, mwanao utambeba na nini?"

"Nina mkono wa pili," akasema.

Akachukua mto wa kochi, akaulaza kwenye mkono wa kushoto, akajaribu kuinuka nao bila kujishika na ule mwingine. Mto ukaanguka. Akauokota, akajaribu tena. Sikuweza kutazama. Nikaenda jikoni kuosha vyombo ambavyo vilikwisha oshwa.

Kwa hiyo nakuomba, mpigie kabla mwezi haujaisha. Wewe ndiye uliyemtia kijiti mkononi akiwa bado mtoto, mapengo matupu. Mimi ananiona kelele tu. Mkataze, Mjomba, hata kwa kumgombeza.

Mama anakusalimu sana. Mama Mdogo pia, ingawa bado ana aibu ya kumzika mtu aliye hai. Wifi anasema usisahau kuchagua jina la mtoto. Mungu akulinde huko uliko, akupe na usingizi ambao sisi hatuna.

Wako akupendaye,
Mpwa wako, fundi cherehani.

Nyongeza: Nilikuwa sijafunga bahasha Kaka aliporudi kutoka klabuni. Amejitoa kwenye mashindano. Amekwenda mwenyewe, amefuta jina lake kwa mkono wake. Sasa amelala analia, na Wifi amemkumbatia kwa upande wa bega lililo zima. Piga simu hata hivyo, Mjomba, lakini usimkataze kitu tena. Mwambie tu kwamba wewe ulimwona akicheza.