Viatu vya Koridoni

Mjukuu wangu Mwende,

Sisi huku Doha tu wazima. Mama yako amepata kazi hotelini Lusail, na goti langu limetulia. Umeniuliza Wakristo wa kwanza waliongezekaje bila hata kanisa moja. Ya Roma na Korintho mwalimu wako anayajua. Mimi najua chumba kimoja cha mtaa wa Al Mansoura, hapa Doha, miaka ile kabla hatujaruhusiwa kujenga kanisa.

Ijumaa moja, siku ya mapumziko huku, tulikuwa watu ishirini, tukiimba kwa kunong'ona tusije tukafukuzwa nyumba, mara mlango ukagongwa. Wimbo ukakatika. Nikafungua mlango.

Alikuwa Bi Rukia, jirani yetu Mzanzibari, Mwislamu, amekumbatia viatu vyetu. Tulikuwa tumevivua nje kama tulivyozoea kwetu, lundo zima koridoni.

"Jamani, mbona mnajitangaza?" akasema kwa sauti ya chini. "Mwenye nyumba anapanda ngazi!"

Akarudi kuchukua vilivyobaki. Vishindo vikafika mlangoni, vikasimama, vikapita.

Mwende, vitabu vyako vina majina ya waliohubiri. Ukikuta jina la jirani aliyewaingizia viatu, niandikie.

Nyanya yako